Alama Nyekundu ya Mtani Wangu

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana likisimuliwa na wengine huwa linaongezwa chumvi. Mimi ndiye niliyemwandika mtunza ghala wetu kwenye mfumo wa kompyuta wa kampuni kwamba ni mchawi. Niliandika mchana kweupe, mbele ya watu zaidi ya thelathini, na mshahara niliokuwa nalipwa ulikuwa wa kulinda kumbukumbu za watu hao hao.

Nilikuwa afisa utumishi wa kampuni moja ya mchele hapa Mpanda. Mpunga tulinunua Mpimbwe, tukaukoboa na kuufungasha mjini. Makao makuu yalikuwa Dar es Salaam, mbali kiasi kwamba mgeni kutoka huko alifika amevimba miguu na hana hamu ya kusalimia mtu. Mimi ni Msukuma wa huku huku. Baba alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga nikiwa mgongoni kwa mama, nikakulia kati ya majaruba ya mpunga na mavi ya ng'ombe, nikasoma, nikarudi. Nina hasira za karibu na napenda kila kitu kikae mahali pake. Mambo hayo mawili hayakai nyumba moja kwa amani, na waliofanya kazi nami wanajua.

Kabla ya mfumo, kumbukumbu za wafanyakazi zilikaa kwenye kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haikufunga. Likizo watu waliniomba popote waliponikuta: koridoni, sokoni, mara moja kanisani wakati wa kutakiana amani. Nami nilijibu, "Haya, nenda." Mwaka mmoja waendesha mashine watatu waliniomba kwa siku tofauti, kila mmoja akitaka kwenda kuvuna mpunga wake, nikawaruhusu wote, na wote wakaondoka wiki moja. Mashine ya kukoboa ilisimama siku nne. Malori kutoka Majimoto yakapanga mstari mpaka barabarani, madereva wakawa wanapika ugali chini ya malori yao huku wakiniulizia. Meneja wa tawi aliniita, kisha akasema niende tu, atazungumza na mimi akipoa. Hakupoa mpaka Agosti.

Aliyekuwa anatuokoa siku kama hizo ni mtunza ghala. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, Mfipa wa mwambao wa ziwa, mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata kwenye jua la Oktoba. Hakuwa na karatasi hata moja inayohusu watu, lakini kichwani alikuwa na kila kitu: nani anaweza kuendesha mashine ya kunyanyulia magunia, nani mkewe amejifungua asipangiwe zamu ngumu, kibarua gani anabadilisha jina kila msimu. Meneja akitaka mtu wa kazi fulani hakuja ofisini kwangu, alikwenda ghalani. Nasema wazi kwamba ilinichoma. Mimi ndiye niliyesomea kazi ya watu, na watu walikuwa kwake.

Na alikuwa mtani wangu. Wasukuma na Wafipa wa huku tunataniana. Wazee wanabishana utani huo ulianzia wapi, sisi tuliukuta tukaendelea nao. Shikamoo nilimpa moja tu asubuhi, kwa ajili ya umri wake. Baada ya hapo yeye aliniita mla michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwetu, na kuuliza kama nimelala ndani au zizini, nami nilimwita mchawi na kumuuliza ungo ameuegesha wapi. Mkewe akimletea chakula cha mchana, nilikuwa nanawa mikono kabla yake. Alinifukuza kwa ufagio, nikala hivyo hivyo. Ndivyo inavyotakiwa.

Basi mfumo ulipokuja, nilifurahi kama mtu aliyechimbiwa kisima uani. Kila mfanyakazi akawa na ukurasa wake: elimu yake, ujuzi wake, zamu zake, siku zake za likizo. Likizo ikawa inaombwa kwa simu, na mfumo wenyewe ukawa unakataa kama mashine ingebaki bila mtu. Mavuno yaliyofuata hakuna mashine iliyosimama, na kila mtu alivuna shamba lake kwa zamu. Siku moja chuma cha kinu kilipasuka na fundi wetu wa kuchomelea yuko msibani. Niliandika neno moja kwenye mfumo, nikamkuta fundi mwingine: mlinzi wetu wa getini. Alikuwa amesomea kuchomelea chuoni, ana cheti, na kwa miaka miwili tulikuwa tunamtuma kufungua na kufunga geti. Mchana huo huo kinu kilizunguka. Meneja akaanza kuja ofisini kwangu, tena akibisha hodi.

Ulikuwa na vituko vyake pia. Ulitengenezewa Dar, kwa hiyo ulijua mambo ya Dar. Mtu akichelewa kazini ulimpa sababu za kuchagua, na ya kwanza kwenye orodha ilikuwa foleni ya magari. Mpanda hakuna foleni. Tembo, ambao ndio wanatuchelewesha, hawakuwemo. Dereva akitoka Mpimbwe na mzigo, akazuiwa na tembo ndani ya hifadhi kabla ya kufika Sitalike, alichagua foleni. Makao makuu walinipigia kuuliza barabara yetu hiyo ina magari ya namna gani. Niliwajibu kwamba yana mikonga.

Kisha ikaja sehemu ya tathmini. Kila mfanyakazi alitakiwa kuwapima wenzake watano, kwa alama moja mpaka tano, na kuandika maoni. Aliyepimwa angeona alama zake bila kuona majina ya waliompima. Kwangu mimi lilikuwa jambo zuri sana. Ghalani na kwenye mashine walilipokea tofauti. Maneno yalishaenea kwamba kompyuta imeletwa kutafuta watu wa kupunguza, na kwamba ukiandika chochote kuhusu mwenzako, kesho yake ndiye anayefuatwa.

Siku ya mafunzo niliwakusanya kwenye ukumbi wa chakula, nikapanga mezani vishikwambi vya kuandikia tathmini, nikawasha projekta, nikaeleza kwa saa nzima. Hakuna aliyeuliza swali. Watu wamekunja mikono, wananitazama kama wako kwa daktari wa meno. Nilijua wakitoka pale bila kugusa vile vishikwambi, hawatavigusa tena. Nikawaza kwamba mtu aliyecheka haogopi, na njia fupi ya kuwachekesha ilikuwa imekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kofia yake ya sufu.

Nikafungua ukurasa wa tathmini ya mtunza ghala, ukaonekana ukutani mkubwa. Nikampa moja kila mahali. Uadilifu, moja. Ushirikiano, moja. Nikaandika maoni taratibu ili wasome pamoja nami: "Huyu mzee ni mchawi. Magunia yanapungua bila mlango kufunguliwa. Ashushwe cheo kabla hajatumaliza." Nikabonyeza pale pa kuhifadhi.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwenyewe alisimama kule nyuma, akangoja watulie.

"Na we ujiandike," alisema, "kwamba unalala na ndama. Mfumo mzima unanuka maziwa."

Baada ya hapo hata sikuhitaji kufundisha. Watu walivamia vile vishikwambi. Wapakiaji wanne, Wasukuma wenzangu, walikwenda moja kwa moja kwa mtunza ghala, wakampa moja moja kama mimi, wakaongeza ya kwao kuhusu radi na fisi. Nilitoka pale najisifu moyoni. Nilipanga kurudi kwenye kompyuta na kufuta ule uchafu wangu, kwa sababu tathmini ilikuwa inaweza kubadilishwa mpaka Ijumaa. Umeme ukakatika. Kesho yake yakaja malori saba ya Mpimbwe kwa mpigo, na mpunga una unyevu. Ijumaa ikapita. Sikukumbuka hata kidogo.

Hapa lazima niseme habari za Karema, kule ziwani. Kampuni ilikuwa imejenga ghala jipya huko ili mchele uvuke ziwa kwenda Kongo, na ilihitaji msimamizi wa kituo. Meneja alishapendekeza jina la mtunza ghala, kilichobaki ni barua kutoka makao makuu. Kwa wengine Karema ilikuwa adhabu. Kwake ilikuwa dua iliyojibiwa. Mama yake alikuwa Kapalamsenga, mwambao huo huo, mzee sana, macho yameanza kumwacha. Mara mbili alimleta Mpanda akae naye, na mara mbili yule bibi alidai arudishwe, akisema hawezi kulala mahali asikosikia maji. Mtani wangu alikuwa ameomba uhamisho wa kwenda karibu naye kwa miaka minne. Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akilizungumza bila mzaha.

Jumatatu, wiki mbili baada ya mafunzo, nilifungua kompyuta nikakuta ukurasa wake una alama nyekundu. Mfumo ulikuwa umejumlisha. Wapimaji watano walikuwa wamempa alama ya chini kabisa, na kati ya maneno yao kulikuwa na magunia yanayopungua. Uteuzi wa Karema ulikuwa umesimamishwa. Alipewa siku saba za kuweka pingamizi kwa mkono wake mwenyewe, akieleza anapinga nini na kwa nini maoni hayo ni ya uongo. Siku saba zikiisha, nafasi ingekwenda kwa mtu mwingine na faili lake lingekwenda kwenye nidhamu. Nilisoma mara tatu.

Kisha nikachukua kompyuta nikaenda nayo ghalani. Nilimkuta juu ya ngazi anakagua mifuko.

"Shuka, mtani. Kuna jambo."

"Kama umekuja kuomba mchele wa ng'ombe wako, umekwisha."

Nilimsomea yote kama yalivyoandikwa. Alisikiliza ameshika ngazi kwa mkono mmoja. Nilipomaliza alicheka, akavua kofia, akaikung'uta vumbi la pumba, akaivaa tena.

"Sasa hapo ndo pa kuandika pingamizi," nilimwambia. "Andika tu kwamba ni uongo. Mimi nakuelekeza, dakika tano tumemaliza."

"Nampinga nani?"

"Aliyeandika."

"Si wewe?"

"Ni mimi. Na wale wanne. Andika."

Akatikisa kichwa. "Mtani hashitakiwi. Mtani akikutania unacheka, au unamrudishia. Ukienda kumshitaki umeua utani. Kwetu ukimshitaki mtani unatozwa kuku wewe, sio yeye."

"Huku sio kwenu. Ni kazini. Utakosa Karema."

"Nitaikosa."

"Na mama?"

"Mama ndo alonifundisha," akasema, akapanda ngazi.

Nilimfokea. Nilimwambia yeye ni kichwa cha jiwe, Wafipa wote vichwa vya jiwe, na kwamba sikusoma miaka yote ile ili nije kubembeleza mtu ajiokoe. Alinijibu kutoka juu kwamba ng'ombe akifoka maziwa yanachacha. Wapakiaji walicheka. Nilirudi ofisini nikafunga mlango nikalia kwa hasira, na kwa woga pia, maana nilikuwa nimeanza kuona mahali ambapo jambo lile lingeishia.

Njia nyingine ilikuwepo, nayo ilikuwa mimi. Ningepiga simu Dar na kusema maoni yale ni yangu, tena ya mzaha, yafutwe. Tatizo ni kwamba wiki tatu nyuma bosi wa utumishi wa makao makuu alikuwa ameniambia kwa siri kwamba ananipendekeza niwe mratibu wa mfumo kwa kanda yote ya magharibi. Tabora, Kigoma, Rukwa, ofisi yangu, watu wa kuwafundisha. Niliitaka nafasi ile kwa roho yangu yote. Na mtu mwenye onyo kwenye faili hapewi.

Kwa hiyo nilizungukazunguka. Jumanne nilijaribu kuyafuta maoni, mfumo ukakataa, kilichofungwa kimefungwa. Jumatano nilimtuma meneja amshawishi, akarudi anacheka, amepewa kisa kirefu cha babu mmoja aliyemshitaki mtani wake akafa hana wa kumzika. Alhamisi nilimfuata mke wa mtani wangu. Yule mama alinisikiliza huku anachambua mchicha, akasema, "Dada, mimi nimeolewa nae miaka ishirini na tano. Akisema hapana, ni hapana. Kaa ule."

Ijumaa nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mimi ndiye niliyekuwa natoa maneno ya siri kwa waliosahau ya kwao. Nilibadilisha la mtani wangu, nikaingia kwenye ukurasa wake kama mimi ndiye yeye, nikaandika pingamizi zuri mno, lenye heshima, lenye miaka yake kumi na tisa ya kazi bila gunia kupotea. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kilichonizuia sio uaminifu, nisijipambe. Niliona tu kwamba nikibonyeza, mtu yule atakuwa amemshitaki mtani wake bila kujua, na siku atakayojua atakuwa hana mtani wala jina. Nilifuta neno baada ya neno mpaka ukurasa ukawa mweupe.

Jumamosi asubuhi nikampigia bosi wa Dar. Alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, mtu ambaye hajawahi kukuuliza habari za nyumbani.

"Mama, ile alama nyekundu ya mtunza ghala ni ya kwangu."

"Ya kwako kivipi? Wewe ndiye uliyeleta tuhuma?"

"Si tuhuma. Ni utani. Yule ni Mfipa, mtani wangu. Niliandika siku ya mafunzo ili watu wacheke, halafu nikasahau kufuta."

"Afisa utumishi mzima," alisema polepole, "unaandika magunia yanapungua, halafu unaniambia utani."

"Ndiyo, mama."

"Na hao wengine wanne?"

"Waliniiga. Kama kuna barua, iwe moja, iwe yangu."

"Sikiliza. Mimi Mzaramo. Nyinyi Wasukuma ni watani zangu, na bibi yangu alipofariki walikuja watani wa huko kwenu wakakaa juu ya udongo wa kaburi mpaka wakapewa jogoo. Utani naujua kabla hujazaliwa. Lakini mfumo hauna kabila. Unachouambia ndicho unachokijua, na mimi huku Dar najua kile kile."

"Nimeelewa."

"Barua ya onyo inakuja. Na usije ukafikiri natania."

Ilikuja Jumatatu. Kwa kuwa kazi ya kuweka barua za onyo kwenye kurasa za watu ilikuwa yangu, niliiweka mwenyewe kwenye ukurasa wangu. Mfumo uliniuliza aina ya kosa, nikatafuta utani kwenye orodha nikacheka peke yangu, nikachagua matumizi mabaya ya mfumo. Habari za kanda ya magharibi sikuzisikia tena mpaka nilipoambiwa kwamba amepewa kijana wa Tabora. Niliumia, na sitaki kusema sikuumia. Ghala la mtani wangu nalo lilikaguliwa siku mbili, gunia kwa gunia. Hakuna lililopungua. Moja lilizidi. Mkaguzi alipouliza limetoka wapi, mwenye ghala alimwambia aulize ungo.

Alama nyekundu ikaondolewa, barua ya Karema ikatoka. Lakini huku tawini jambo lilikuwa limeharibika kwa namna nyingine. Wafanyakazi walikuwa wameona tu kwamba mwenzao alitaniwa akaandamwa na wakaguzi. Tathmini iliyofuata kila mtu alimpa kila mtu tano, na kwenye maoni wakaandika "mzuri sana" mpaka chini. Hata yule mpakiaji aliyekuwa analala juu ya magunia kila mchana alikuwa mzuri sana. Nilikuwa na mfumo uliojaa vizuri usionieleza chochote. Lile kabati la chuma lilikuwa na habari zaidi.

Nikaomba dakika kumi za mkutano wa asubuhi. Niliwasomea barua yangu ya onyo, yote, pamoja na sahihi. Niliwaambia nilichoandika, nilichosahau, na nilichokosa. Nikawaambia watani waendelee kutaniana popote, hata juu ya mashine, ila wakishika kile kishikwambi waandike kama wanaongea na mtu asiyewajua mama zao. Mpakiaji mmoja aliuliza kama ni kweli onyo liko kwenye ukurasa wangu. Niliuonyesha ukutani. Wakasogea mmoja mmoja kuangalia, wakiwa wameridhika kupita kiasi, kwa maoni yangu.

Tangu siku hiyo walianza kuandika. Mfumo uliomng'ata mwenye nao waliuona una haki. Mmoja aliandika kwamba choo cha wanawake hakina komeo, tukaweka. Watu sita, kila mmoja kwa maneno yake, waliandika kwamba mashine ya pili inaharibika kwa sababu msimamizi wake anawafundisha wapya kwa matusi, wakati binti mmoja wa zamu ya asubuhi anafundisha vizuri na hana cheo. Tulimpa binti kazi ya kufundisha. Mashine ya pili ikaacha kusumbua, na foleni ya malori, ile foleni ya kweli, ikapungua mpaka madereva wakaacha kupikia getini. Meneja aliandika kwenye taarifa yake kwamba mfumo umeongeza tija. Nilimwacha aandike hivyo.

Mtani wangu aliondoka mwisho wa mwezi. Lori lilikuwa limesimama nje ya ofisi yangu, injini inanguruma, vitanda na masufuria juu, kuku ndani ya tenga, mkewe ameshakaa mbele karibu na dereva. Yeye aliingia kunikabidhi funguo za ghala na kushuhudia nikimhamisha kwenye mfumo. Nilimwandika Karema badala ya Mpanda, nikabonyeza, jina lake likatoka kwenye orodha yetu.

"Haya, mchawi," nilisema. "Umeshapaa."

Hakucheka. Alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Mtani. Pingamizi sikuandika."

"Najua. Kichwa cha jiwe."

"Lakini nilikasirika."

Nilifikiri sijasikia vizuri, kwa ajili ya lile lori.

"Sio siku ile ya ukumbini," alisema. "Siku ile nilicheka kweli. Nilikasirika ile Jumatatu ulivyokuja kunisomea. Kusomewa ni kitu kingine. Miaka kumi na tisa, halafu neno linakaa pale limeandikwa, na jina langu juu yake. Zile siku zote nilikuwa sili. Mama watoto anajua."

"Mbona ulikuwa unacheka?"

"Ulitaka nifanyeje? Si mtani wangu?"

Nilitafuta la kumrudishia, kama miaka yote. Nilikuwa nayo ya akiba, ya mama mkwe, ya radi, ya ungo. Niliyaacha yote. Watani hawaombani msamaha. Ukiomba, unakiri kwamba ulimwumiza, na ukimwumiza haukuwa utani. Nilisimama.

"Nisamehe, baba," nilisema. Sikuwahi kumwita hivyo.

Kisha akaenda dirishani, akamwambia dereva azime gari, akavuta kiti, akakaa.